Mwaka Huu Hatutangazi Jembe: Kwa Nini Nimekalia Hela za Usajili

Najua mmezoea niwaletee za mastaa hapa, nani kaachana na nani, nani anaishi kwenye nyumba ya kupanga huku anasema ni yake. Leo umbea ni wa kwangu mwenyewe. Kaeni mkao wa kula, ila msicheke sana.

Tangu Juni meseji zangu zimejaa swali moja: "Admin, mbona usajili kimya?" Kwa ambao hamjui, ukiacha hii blogu mimi ni mweka hazina wa timu moja ya mpira hapa Rubwera. Jina naliweka kapuni, wenye timu wanajijua. Walinichagua kwa sababu nimemaliza form four, nina mwandiko mzuri na simu inayopiga picha safi. Hizo ndizo sifa zangu tatu, msizitafutie ya nne.

Tunacheza ligi ya wilaya hapa Kyerwa. Kutoka kwetu mpaka Ligi Kuu upande ngazi kwanza: wilaya, mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship, ndio uwakute kina Simba na Yanga. Sisi tuko chini kabisa, huku ambako refa akikosea anarudi nyumbani kwa njia ya mashambani.

Sasa nawaambia kwa nini mwaka huu tuko kimya. Ila lazima nianzie mwaka jana.

Mwaka jana tulitisha

Msimu wa kahawa wa 2024 ulikuwa mtamu. Bei ya mnadani ilipanda kuliko tulivyozoea, na hela ikionekana Kyerwa huwa inaonekana kwa kila mtu: kwa fundi bodaboda, kwa muuza chips, mpaka kwa timu. Wanachama walichanga, mfanyabiashara mmoja wa madini ya bati akatupa laki tano kwa mkupuo, na nilipofunga hesabu daftari lilikuwa na shilingi 1,640,000. Timu ya mchangani, milioni na laki sita! Nilishika ule mfuko mikono ikitetemeka.

Mwenyekiti wetu akasema maneno ambayo kila mwenyekiti wa timu Tanzania hii ameshawahi kuyasema: "Safari hii tunashusha jembe."

Jembe lilipatikana Mwanza. Mshambuliaji, jina kapuni, ambaye aliwahi kuwa kwenye kikosi cha klabu moja ya Ligi Kuu. Na hapa wana familia naomba mnielewe, sikuburuzwa na mwenyekiti. Mimi ndiye niliyeshabikia kuliko wote. Nilishaona posti kichwani. Nilishaona picha ameshika jezi yetu, taa za nyuma zimefifia, maandishi "MTAMBO WA MABAO UMETUA". Nilijua kabisa itapata laiki kuliko posti yoyote niliyowahi kuweka hapa.

Na ilipata. Watu wa Kayanga waliiona, watu wa Bukoba waliiona, mpaka jamaa niliyesoma naye aliyeko Muscat akaniandikia "mko vizuri sana siku hizi".

Hesabu ilikuwa hivi. Hela ya kusaini 800,000, yote mkononi kabla hajagusa mpira. Chumba miezi minne, 120,000. Godoro na vyombo, 130,000. Nauli kuja na kurudi, 60,000. Jezi mpya za timu nzima, kwa sababu jembe haliwezi kuvaa zile za zamani zilizopauka, 400,000. Jumla 1,510,000. Tulibaki na 130,000 ya kuendesha msimu mzima.

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu, hata mwenyekiti hajui. Usiku ule jamaa alipofika, tukiwa tumekaa nje tunakula ndizi, aliniambia kwa sauti ya chini, "Braza, goti langu bado halijakaa sawa. Nikianza taratibu, itakuwa poa." Aliniambia ukweli! Hela alikuwa bado hajapewa, ilikuwa kwenye mfuko wangu. Ningeweza kusema, basi tujaribu wiki mbili, tukulipe kwa mechi. Lakini posti ilishaenda hewani saa kumi jioni. Nikamwambia, "Usijali, huku mpira ni mwepesi."

Alicheza mechi mbili na nusu. Ya kwanza alifunga kwa penalti, mtaa ukalipuka. Ya pili alitembea. Ya tatu alitoka mapumziko ameshika goti, na wiki iliyofuata akapanda basi. Mtaani wakamwita garasa. Mimi nilikaa kimya, na kukaa kimya kwangu kulikuwa ni kumsingizia. Kama unasoma hii huko Mwanza, kaka, wewe hukutuibia. Uliniambia.

Kipa

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana hela ya kupotea mtu unaweza kuicheka.

Novemba tulikuwa ugenini. Kipa wetu, dogo wa miaka 19, mtoto wa hapahapa, hana hela ya kusaini wala godoro la timu, alitoka kupangua mpira akagongana na mtu. Tulisikia mkono wake ukilia. Waliosimama upande wa pili wa uwanja walisikia.

Tukampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Eksirei ikaonyesha mifupa miwili imevunjika, akaandikiwa upasuaji kuwekewa chuma. Mwenyekiti akanigeukia mbele ya watu wote: "Mweka hazina, tuna shilingi ngapi?"

Tulikuwa na 23,500.

Siwezi kueleza vizuri ile sekunde. Nilikuwa nimevaa ile jezi mpya.

Mama yake kipa ni mjane, ana shamba la kahawa la kawaida tu, la kumvusha mwaka. Siku ya tatu hela ya matibabu ilipatikana, na sisi tukashukuru Mungu bila kuuliza imetoka wapi. Niliuliza baadaye sana. Alikuwa amekata butura.

Kwa nyie wa mjini ambao hamjui butura: unauza kahawa ikiwa bado iko mtini, pengine bado ni maua. Mtu mwenye hela anakuja, anakadiria kwa macho, anakupa kiasi kidogo leo, halafu msimu ukifika mavuno ni yake. Serikali inaipiga marufuku kila mwaka na kila mwaka ipo, kwa sababu ugonjwa na ada ya shule havisubiri msimu. Bei ya butura huwezi kuilinganisha na bei ya mnada. Anayekata butura anajua kabisa anaumia. Anakata hivyohivyo.

Mwaka huu Juni nilipita pale kwake na pikipiki nikakuta watu wanachuma kahawa. Vijana wageni, magunia yamepangwa njiani. Mama amekaa kizingitini anamenya ndizi, anawaangalia wakivuna shamba lake. Aliponiona alinisalimia vizuri tu, akaniuliza za nyumbani. Nikaondoka hata sijazima pikipiki.

Wiki hiyohiyo ndiyo tulikuwa na kikao cha usajili.

Somo la wakata miwa

Kabla ya kikao, naomba tukumbushane jambo la mkoa wetu, maana kwenye kikao lilitajwa kama mara ishirini.

Mei 19, 2018 nilikuwa kibanda umiza, nimetoroka maandalizi ya mtihani wa form four. Simba wanakabidhiwa kombe Uwanja wa Taifa, Rais Magufuli mwenyewe yupo uwanjani, hawajafungwa mechi hata moja ya ligi msimu mzima. Wapinzani wao ni Kagera Sugar yetu, wakata miwa. Mwisho wa mchezo, Simba 0, Kagera Sugar 1. Mfungaji Edward Christopher. Golini Juma Kaseja, na kama haitoshi akapangua penalti ya Okwi. Kibanda kizima tulitoka nje tukikimbia bila kujua tunakimbilia wapi.

Sasa angalia hao wawili. Wote waliwahi kuwa watu wa Simba, wakubwa wakawaacha, Kagera ikawachukua. Hakukuwa na usajili wa kutikisa nchi pale, walikuwa watu walioonekana wamekwisha na timu ikaona bado wana kitu.

Ila msikimbilie kusema "umeona, kubana matumizi ndio dawa". Msimu uliofuata Kagera iliifunga Simba nyumbani na ugenini, halafu mwisho wa ligi ikajikuta kwenye mechi za mtoano na Pamba kupigania isishuke. Ikapona. Na mwaka 2025 haikupona. Kaseja huyohuyo, safari hii kama kocha, alikabidhiwa timu mwishoni mwa msimu ikiwa tayari maji ya shingo, na Kagera Sugar ikashuka pamoja na KenGold baada ya kudumu Ligi Kuu karibu miaka ishirini. Ule msimu Kaitaba ilikuwa kama msiba wa kurudiarudia.

Ndugu zao wa sukari, Mtibwa, walishuka 2024. Timu yenye ubingwa wa nchi mara mbili, 1999 na 2000, na inayojulikana kwa kulea vijana wake yenyewe. Wakaenda Championship, wakachukua ubingwa, wakarudi juu ndani ya msimu mmoja.

Kwa hiyo unaweza kusajili kwa tahadhari ukamfunga bingwa mbele ya Rais. Unaweza kusajili kwa tahadhari ukashuka daraja. Anayekwambia ana uhakika anakuuzia mkeka.

Kikao

Tulikaa chini ya mwembe, watu kama thelathini. Mwenyekiti akafungua kwa habari njema: sasa Kagera imeshuka, wachezaji wengi mkoani wanatafuta pa kwenda, bei iko chini, ana namba ya mmoja. "Huyu si kama yule wa mwaka jana. Huyu mzima." Watu wakapiga makofi. Yule mfanyabiashara wa bati akasema anaongeza laki mbili kama atasajiliwa huyo huyo, na kama siye, haongezi kitu.

Safari hii daftari lilikuwa na 1,120,000. Nikasimama. Nikasema laki nne natenga kwa ajili ya majeruhi, haiguswi hata kama mechi ni ya fainali. Kinachobaki ndicho tunachosajilia, na hakuna mtu anayelipwa hela ya kusaini yote kwa mkupuo. Anakuja, anafanya mazoezi wiki mbili, anacheza mechi mbili za kirafiki, tunampima kwa macho yetu wote, halafu analipwa kwa mechi.

Kelele zilizopigwa pale, acheni. "Bahili!" "Hela si ya mama yako!" Mmoja akanitajia Leicester, eti ndio timu ya wenye roho ya kuthubutu. Nikamwambia Leicester walimtoa Mahrez daraja la pili Ufaransa kwa bei ya chee, wakaja kuwa mabingwa 2016 wakiwa naye. Walithubutu, lakini kwa kumwona mtu kabla ya wengine. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya, nenda kamlete Mahrez wako Kaisho." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, maana kusema kweli Kaisho ndiko nilikokuwa nataka kwenda.

Aliyenimaliza ni mzee mmoja, shabiki wa timu tangu sijazaliwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Kijana, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wewe hubani hela, wewe unaogopa. Timu haiendeshwi na mtu mwenye hofu."

Sikuwa na jibu, wana familia. Ni kweli ninaogopa. Usiku nikisikia simu inaita nawaza mkono wa nani umevunjika. Nilifikiria maneno ya yule mzee siku kama tatu, nikajaribu kutenganisha hofu yangu na akili yangu, nikashindwa kujua inaishia wapi moja na kuanzia wapi nyingine. Nilichopata ni hiki tu. Mwaka jana sikuogopa kabisa. Nilikuwa na ujasiri wa simba, na huo ujasiri wote ulikuwa kwa hela ya wengine na mkono wa mtoto wa mwingine. Mimi sikuweka chochote. Nilivuna laiki.

Kura zikapigwa. Wazo langu likapita kwa kura nne. Mfanyabiashara wa bati akajitoa, mwenyekiti akasema tukiboronga nitaandika mimi barua ya kuwaaga mashabiki.

Tulichofanya

Kwa hiyo hiki ndicho kilichokuwa kinaendelea wakati mnaniuliza mbona kimya.

Nimezunguka Nkwenda, Kaisho, mpaka Murongo kule mpakani, jioni kwa jioni, naangalia mechi za watoto na za bodaboda. Nimejifunza kuangalia vitu ambavyo kwenye posti havionekani. Nani anakimbia kurudi nyuma timu ikipoteza mpira. Nani anagombana na wenzake. Nani kwao ni mbali kiasi kwamba mvua zikianza hataonekana mazoezini.

Tumepata watatu. Winga wa miguu miwili ambaye mchana anabeba mizigo sokoni. Beki mmoja mrefu, mkimya, ambaye alikataliwa na timu nyingine kwa sababu hana viatu. Tumemnunulia viatu, hayo ndiyo malipo yake ya kusaini. Na mshambuliaji ambaye sina uhakika naye hata kidogo. Mechi ya kirafiki ya kwanza alikosa mabao matatu ya wazi, ya pili akafunga mawili. Kura ya kumchukua niliipiga mkono ukiwa mzito. Kwa hiyo msiseme sithubutu.

Yule mwenye namba ya mwenyekiti tulimwita aje kwenye majaribio kama wengine. Hakuja. Nasikia kapata timu huko Geita na ameshaanza kufunga. Nikikosea hapo nimekosea kweli, na mtanikumbusha, nawajua.

Mechi ya kwanza ya msimu tumetoka sare ya 1-1. Mtaani wanasema tungekuwa na jembe tungeshinda. Inawezekana kabisa.

Nilichobakiza

Kipa hajarudi. Mkono umeunga lakini haunyooki wote, na baridi ya asubuhi ya huku kwetu inamsumbua. Anakuja mazoezini anafundisha makipa wadogo. Mara moja alidaka mpira mmoja kwa bahati mbaya, kwa mazoea, na wote tukanyamaza. Akaurusha, akacheka.

Wiki mbili zilizopita tulikubaliana kwenye kikao kwamba ile laki nne ya majeruhi ianze na yeye, hata kama ni kwa kuchelewa. Nikatumwa nipeleke laki mbili kwa mama yake. Nilivaa shati, si jezi.

Alinikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna. Nikamweleza. Nikaweka bahasha kwenye mkeka. Aliiangalia muda mrefu bila kuishika, halafu akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia, "Mwanangu, asanteni. Lakini hii mngeileta wakati kahawa ina maua."

Sikusema kitu. Akaichukua bahasha, akaiweka chini ya kitambaa cha meza, akaendelea kuniuliza habari za mama yangu.

Ndiyo maana mwaka huu hamtaona posti ya "jembe limetua". Wale vijana watatu nitawapiga picha, lakini mwishoni mwa msimu, na jezi zikiwa na matope.

Haya, nimemaliza, nitukaneni sasa. Lakini kabla hujaandika "admin bahili", niambie kitu kimoja: timu yako ya mtaani, leo hii, mchezaji akivunjika mkono, kwenye sanduku kuna shilingi ngapi? Unaijua? Kesho tunarudi kwenye umbea wetu, nina ya yule msanii na lile gari la kukodi.